Dodoma ina kila kitu cha shawarma, kasoro shawarma yenyewe

Wameanza kutoza hela ya sosi ya kitunguu saumu. Duka ninalokula shawarma, ile nyama ya kuchoma inayokunjwa ndani ya mkate, hapa Ottawa, Kanada, ambako siku zote ukiomba saumu ya ziada unachotewa bila mtu hata kukuangalia usoni, limebandika kikaratasi kwenye kioo: kikopo cha ziada, dola moja. Dola moja! Ukiibadilisha unaikaribia sahani ya chipsi kavu pale Makole, Dodoma. Nimelipa, nimenuna, nimekaa dirishani nikala huku nimenuna. Katikati ya mkate nikajiuliza: hivi kule nyumbani kuna mtu amewahi kununa kwa sababu ya kilichomo ndani ya shawarma? Tunanuna kwa bei. Tunanuna kwa kusubiri, kwa muuzaji anayemtuma kijana gesi wakati sisi tumeshalipa. Kwa ladha hatununi, maana hatukuitegemea tangu mwanzo.

Najua kitakachofuata. "Ameshaanza huyo." "Kapanda ndege juzi, leo anatufundisha kula." Shemeji yangu wa Nkuhungu ataandika "mbukwenyi, Mzungu", salamu yetu ya Kigogo, na kuweka vikatuni vya kucheka. Haya, chekeni. Mimi nimezaliwa hospitali ya General, nimekulia Makole, foleni ya maji nimepanga na ndoo zangu, mlenda na ugali wa uwele nimekula na nikirudi nitakula. Dodoma naijua vizuri, ndiyo maana jambo hili linanikera. Mji usio na kitu nisingeugombeza.

Kwanza mjue nakaa mji gani. Mwaka 2024 baraza la jiji la Ottawa lilikaa, likajadili, likaitangaza Ottawa kuwa mji mkuu wa shawarma wa Kanada nzima. Madiwani, jamani. Watu wenye mashimo ya barabarani ya kuziba walitenga muda wa kikao kwa ajili ya kuku anayezunguka. Niliposikia nilicheka, halafu nikaona wivu. Shawarma haikuzaliwa hapa. Ililetwa na Walebanoni, wengi wao wakiwa wamekimbia vita vya mwaka 1975 hadi 1990, wakafungua vijiduka kwenye mitaa ya barafu, na watoto wa hapa wakakua wanaila usiku wakitoka kwenye starehe zao. Leo ukimwambia mtu wa Ottawa kwamba hicho si chakula cha kwao mtagombana.

Na huu mji unafanana na wetu kiasi cha kuudhi. Malkia Victoria alipouchagua kuwa mji mkuu mwaka 1857 ulikuwa mji wa wapasua mbao, na miji mikubwa iliyokuwa ikiitaka nafasi hiyo iliubeza. Sisi TANU ilipitisha uamuzi mwaka 1973, tukachekwa na watu wa Dar zaidi ya miaka arobaini, mpaka serikali ilipoanza kuhama kweli kweli mwaka 2016 na tukapewa hadhi ya jiji 2018. Waliohamia walikuja na makochi yao, na walikuja na mazoea yao ya kula. Kwa ninavyoona mimi, shawarma ya Dodoma ilikuja kwenye lori hilohilo: imetoka Dar, Dar waliichukua Dubai, na kila kituo ilipopita imeacha kitu na kuongezewa mayonesi.

Nisikilizeni kuhusu mayonesi, maana ugomvi wangu wote uko hapo.

Nenda jioni banda lolote, sitaji la mtu. Kuku ni broila, amekaangwa tangu mchana, amekaa kwenye kabati la kioo chini ya taa. Anakatwakatwa na vijifupa vyake humohumo, anarudishwa kwenye frampeni yenye mafuta yaliyokwisha kukaanga chipsi za watu wote wa mtaa, anatupiwa kabeji, karoti na hoho, anakorogwa mpaka maji yatoke. Chapati inapashwa pembeni. Kisha inafunuliwa ile ndoo nyeupe. Muuzaji anachota mayonesi na kuipaka chapati nzima kama fundi anayepiga lipu, juu yake anabinya tomato sosi, juu ya tomato sosi pilipili ya chupa, anakunja, foili, mfuko, elfu zako chache, asante karibu tena. Ukiuma unakutana na sukari, siki, na kitu cha baridi katikati. Kuku yumo, ila hana la kusema.

Hapa ninapokula mkataji ni mzee wa Kilebanoni asiyependa maongezi. Mapaja ya kuku yametolewa mifupa, yamelala usiku kucha kwenye limau, saumu, mtindi, iliki, mdalasini na pilipili manga, kisha yamepangwa tabaka juu ya tabaka kwenye chuma kilichosimama wima, yanazunguka polepole mbele ya moto wa gesi. Hakati mpaka uso wa nje ukauke na kingo zianze kuungua. Ukifika na njaa yako kabla ya hapo anakutazama tu, nawe unaelewa. Wakati ukifika anashusha kisu kirefu, vipande vyembamba vinadondokea kwenye bati, anachukua mkate mwembamba na kuubandika kwenye nyama ili unyonye mafuta. Anapaka saumu, anaweka tango la achari na zile tanipu, mizizi kama figili, zilizolowekwa kwenye siki na bitiruti mpaka zikawa za waridi, anakunja, anairudisha kwenye bamba la moto hadi mkate uanze kupasuka kwa ukavu. Ukitaka sahani, utapewa na wali na viazi vya saumu. Tomato sosi hakuna.

Hiyo saumu, ambayo wao huiita toum, ina vitu vinne: kitunguu saumu, chumvi, mafuta na limau. Unatwanga saumu na chumvi kwenye kinu mpaka ilainike kabisa, halafu unaanza kumimina mafuta, tone kwa tone, bila haraka, huku mkono unaendelea, na limau mara mojamoja. Saumu yenyewe ndiyo inayoshikilia mafuta yasijitenge. Ukiharakisha inakatika, unabaki na mafuta yanayoelea. Ukivumilia inaumuka, nyeupe, nzito, inasimama kijikoni. Yai halimo. Ndiyo, yapo maduka yanayoweka ute wa yai au wanga ili itoke nyingi kwa bei rahisi, hata huku wapo. Ile ya kinuni haina.

Sasa niambieni kipi hapo hakipatikani Majengo sokoni. Saumu ya Mbulu inashuka kwa magunia. Mafuta ya alizeti tunayakamua wenyewe, sisi na Singida, mpaka tunawapelekea Dar kwenye madumu. Malimau yapo. Chumvi sijui nianzie wapi. Halafu tunaruka vyote hivyo tunakwenda kununua ndoo ya mayonesi iliyosafiri kutoka nje, tunaifungua asubuhi, tunaiacha kwenye jua la Dodoma mpaka saa nne usiku, na umeme wetu mnaujua. Kule Kerala, India, ambako shawarma ilirudi na vijana waliokuwa wakifanya kazi Uarabuni nayo ikaogeshwa mayonesi, serikali ya jimbo ilipiga marufuku mayonesi ya mayai mabichi Januari 2023 baada ya watu kuugua. Sisi tukiumwa tumbo tunasema ni uchovu wa safari.

"Kwani hata hiyo si ya Waarabu? Tukiweka mayonesi kosa liko wapi, kila mtu na yake." Hili ndilo swali ninalolipenda, na aliyeuliza hajui kwamba amenisaidia. Kweli kabisa, kila mtu na yake. Hakuna mahali shawarma imefika ikabaki ilivyo. Walebanoni hao hao kuku wanamwekea saumu, lakini ng'ombe wanamwekea ufuta uliosagwa na limau, na ukiwachanganyia watakuona huna adabu. Wasyria wanaichukua ya kuku, wanaimiminia asali ya komamanga, ile nyeusi yenye uchachu, wanaubana mkate kwenye chuma hadi ukauke, halafu wanaikata vipande vidogo na kuipanga sahani pamoja na chipsi na achari. Iraki inaingia kwenye mkate wa tanuru uliovimba, na juu yake amba, achari ya embe yenye manjano na uwatu ambayo asili yake ni India. Achari ya embe! Kitu ambacho watoto wetu wanakula kwenye vifuko nje ya geti la shule.

Misri walikuwa na yao kwenye mikate laini mirefu, nyama inakatwakatwa na kuzungushwa tena kwenye bamba na hoho na vitunguu, kisha baada ya 2011 Wasyria waliokimbia vita wakafika na kuku wao wa saumu, na leo Cairo zote mbili zinauzwa na watu wanabishana ipi bora. Waturuki wana doner, ndugu wa shawarma, na ya kuku wanayo. Ilipofika Ujerumani ikawekewa kabeji nyeupe na nyekundu, Berlin wakamwongezea kuku mboga za kukaangwa, jibini na limau la kukamuliwa juu. Kwa hiyo kabeji siipingi, msije mkanisingizia.

Hapa Kanada kwenyewe hawaelewani. Nenda Montreal, kilomita 200 tu, uagize shawarma. Mara nyingi utaletewa ng'ombe, kwa sababu ya kuku wao wanaiita shish taouk. Halifax, mji wa bahari, wana ndugu yake anayeitwa donair, ya ng'ombe, tangu miaka ya 1970, na sosi yake ni maziwa ya kopo, sukari, siki na saumu ya unga. Maziwa ya kopo kwenye nyama. Nimeonja, ni tamu mno kwangu. Lakini baraza lao la jiji liliitangaza kuwa chakula rasmi cha Halifax mwaka 2015, na hawajali ninavyofikiri mimi. Mexico wajukuu wa wazo hilo hilo, lililofika na Walebanoni, wamelipeleka mpaka kwenye kitimoto na pilipili zao na kipande cha nanasi juu ya chuma.

Mnaona kinachoniuma? Halifax walifungua kabati la jikoni wakachukua maziwa ya kopo. Wairaki wakachukua embe. Wajerumani wakachukua kabeji. Sisi tulifungua kabati la jirani. Mayonesi si ya Mgogo, si ya Mrangi, si ya Mnyaturu, na hata hao wa Dar tuliowaiga hawakuibuni. Kama "kila mtu na yake", yetu iko wapi?

Na msiseme hatuwezi. Nani alitufundisha zege? Viazi vilikuja, mayai yalikuwepo, mtu mmoja mwenye akili na jiko la mkaa akamimina mayai juu ya chipsi, na leo Mtanzania aliyeko ughaibuni akiota njozi za nyumbani anaota chipsi mayai yenye kachumbari na pilipili ya kukaanga. Nimewapikia wenzangu wa kazini hapa, wakaniuliza imetoka nchi gani. Nilijibu kwa sauti ya juu, wakashtuka. Chapati nayo ilikuja na meli. Pilau vilevile. Vitu vya watu tunajua kuvichukua na kuvifanya vyetu mpaka mwenyewe akija havitambui. Kwa shawarma tumelala, basi.

"Mashine ni ghali, gesi ni ghali, wewe unaongea ukiwa umeshiba." Hoja ya mashine naikubali nusu. Chuma kinachozunguka kinataka kuku wengi kwa siku, na nyama isipoisha usiku huo ni hasara au ni hatari. Banda la watu thelathini haliwezi. Lakini nani kasema lazima kizunguke? Lebanoni na Syria kuku wa mshikaki anaingia kwenye mkate uleule, na saumu ileile, na hakuna anayelia. Sisi kwa mshikaki na mkaa tutashindwa na nani? Mtu aliyekula nyama mnadani Msalato akaja kuniambia kwamba Dodoma haijui kuchoma, huyo namwachia Mungu. Kuku wa kuchoma wa pale Chako ni Chako akikosea njia akaja Ottawa, huyu mzee wangu wa Kilebanoni angefunga duka akapumzike.

Nikiwa hapo hapo niseme na la huku, msidhani nimelambishwa asali. Kuku wa Kanada hana ladha. Amekua upesi, amekufa upesi, ndiyo maana inabidi alazwe usiku kucha kwenye viungo ndipo aonekane ameishi. Pilipili yao ni ya kumpa mgonjwa. Ukisema "kali sana tafadhali" wanakupakia kitu chekundu chenye sukari na kukutazama kwa huruma. Kuku wa kienyeji wa Singida, aliyekimbizwa na watoto na kula wadudu wake mwenyewe, hana haja ya iliki. Shida yake ni ugumu. Kwenye chuma cha kuzunguka hafai, ukimkata mbichi atakuvunja meno. Achemshwe kwanza na tangawizi na limau, achomwe juu ya mkaa, achambuliwe kwa vidole, ndipo akunjwe. Broila naye abaki kwenye mshikaki, paja na si kidali, kidali kikipitiliza dakika mbili kimekwisha.

Halafu zabibu. Hapa ndipo hasira inanipanda kabisa. Tunavuna mara mbili kwa mwaka. Hombolo na Mpunguzi, mnazijua kelele za kila msimu za zabibu kukosa mnunuzi, sina haja ya kuzirudia. Lebanoni na Uturuki maji ya zabibu wanayachemsha polepole mpaka yawe mazito na meusi, yanawekwa kwenye chupa, yanakaa mwaka mzima bila friji. Ukichanganya na limau au ukwaju kidogo unapata kile kile ambacho Wasyria wanakifuata kwenye komamanga, utamu na uchachu kwa pamoja. Sufuria kubwa, kuni, na mtu wa kukoroga. Kwa ndoo za zabibu zilizopasuka ambazo mnunuzi anazikataa. Nani alishawahi kuiona kwenye banda la shawarma Dodoma? Na unga wa ubuyu je, unaochachuka kuliko ile sumac, unga mwekundu wanaonyunyizia vitunguu vyao Walebanoni? Tunawauzia watoto umepakwa rangi na sukari.

Mdogo wangu ana banda karibu na chuo. Nilimtumia maelezo ya saumu kwa sauti, marefu, akanijibu kwa maandishi, mafupi: "Dada, wateja wanauliza mayonesi iko wapi." Nikamwambia awape zote mbili, wachague. Akasema wanachuo hawataki saumu, wana wachumba. Nikamuuliza mbona kachumbari ya vitunguu vibichi wanaimaliza mpaka wanakwangua sahani, wachumba hao wanakuwa wamesafiri? Akanyamaza. Baadaye akaja na jingine: kutwanga kunachukua muda, na wao jioni wanapanga mstari. Twanga mchana! Kinu cha mama kipo, mafuta ya alizeti anayo, na saumu siku hizi ananunua yeye mwenyewe kwa ajili ya kuku wa kuokwa. Akasema atajaribu Ijumaa, siku ambayo wateja wake wengi wanakwenda nyumbani, ili ikiharibika aibu iwe ndogo.

Sasa ninyi mlioko huko, badala ya kuniandikia kwamba najidai, piteni siku hiyo mkaonje. Asiyependa aseme hapo hapo kwa mwenye banda, nisiletewe mimi huku. Na kama kuna mtu wa Hombolo mwenye sufuria kubwa na zabibu ambazo hazijapata mnunuzi, nakuja Desemba, anichemshie chupa tano. Nitalipa bei atakayosema. Najua ataniongezea kwa sababu natoka nje, aongeze tu.